Kituo cha televisheni ni bei gani? Vyombo vya habari na uamuzi wa mpigakura

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Peru ilikuwa na rais, Alberto Fujimori, na ilikuwa na mtu aliyeshika kamba nyuma ya pazia: Vladimiro Montesinos, mshauri wake na bwana wa idara ya ujasusi. Montesinos alihonga watu wengi, na hilo peke yake si la ajabu. Ajabu ni kwamba aliweka kumbukumbu. Waliopokea walitia sahihi, na kamera iliyofichwa ilirekodi mabunda ya noti yakihesabiwa mezani. Utawala ulipoanguka, wachumi wawili, John McMillan na Pablo Zoido, walizikusanya kumbukumbu hizo wakazisoma kama mtu asomavyo bei za sokoni. Jaji ni kiasi gani? Mbunge je? Na mwenye kituo cha televisheni?

Jaji na mbunge hawakupishana sana. Wote walikuwa watu wa maelfu ya dola kwa mwezi. Mwenye televisheni alikuwa wa daraja jingine, kwani kwa kawaida alilipwa kama mara mia ya mwanasiasa. Kituo kimoja kikubwa kilipata dola milioni 1.5 kila mwezi, kwa mkataba uliotiwa sahihi, kana kwamba ni biashara ya saruji.

Kwa nini pengo liwe kubwa hivyo? Bungeni unahitaji wingi tu. Ukishanunua nusu na mmoja, waliobaki wapige kelele watakavyo. Mahakamani ni vivyo hivyo. Kwenye habari hesabu hiyo inakataa: ukinunua vituo vyote ukaacha kimoja, hicho kimoja kinaweza kuwaambia watu wote. Kila mwenye kituo alilijua hilo, na kila mmoja akapandisha bei. Montesinos naye alikiacha kimoja, Canal N, kituo kidogo cha kebo chenye watazamaji wachache wa kulipia. Tarehe 14 Septemba 2000 Canal N ikaonyesha mkanda wa video ambamo Montesinos anamkabidhi mbunge wa upinzani fedha ili ahamie upande wa serikali. Vituo vingine havikuweza tena kunyamaza. Siku mbili baadaye Fujimori alitangaza uchaguzi mpya, na mwezi Novemba akajiuzulu kwa faksi akiwa Japani.

Nimeanzia Peru kwa sababu mabishano kuhusu vyombo vya habari na kura huendeshwa zaidi kwa hisia. Aliyeshindwa husema magazeti yamempora ushindi. Mwenye gazeti husema yeye anaripoti tu, wananchi wana akili zao. Kila mmoja ana masilahi yake katika jibu analotoa. Orodha ya Montesinos haikuandikwa ili kumfurahisha mtu, na inasema jambo moja waziwazi: nguvu ya chombo kimoja hutegemea vingine vinasema nini. Ukilishika hilo, utaelewa kwa nini swali lilelile likiulizwa katika nchi mbili huleta majibu yanayogongana.

Kuku na yai

Ugumu wa kupima unaanza hapa: watu huchagua gazeti kama wanavyochagua marafiki. Ukikuta wasomaji wa gazeti la kihafidhina wanawapigia kura wahafidhina, bado hujagundua lolote. Huenda gazeti liliwageuza. Huenda walilinunua kwa sababu linasema waliyokwisha kuyaamini.

Mfano mmoja mmoja nao ni mtego. Tazama midahalo ya urais nchini Kenya. Mwaka 2017 Uhuru Kenyatta hakutokea, Raila Odinga akasimama peke yake mbele ya kamera, na tume ikamtangaza Kenyatta mshindi (Mahakama ya Juu ilifuta matokeo hayo, lakini uchaguzi wa marudio haukubadilisha mshindi). Mwaka 2022 Odinga ndiye aliyesusia, William Ruto akajibu maswali peke yake, na Ruto akashinda. Anayetaka kuthibitisha kwamba kususia mdahalo kunaponza ana mfano wake. Anayetaka kuthibitisha kinyume chake anao pia.

Watafiti wa kwanza kulishughulikia jambo hili kwa umakini walikuwa Paul Lazarsfeld na wenzake. Mwaka 1940, Franklin Roosevelt akishindana na Wendell Willkie kuwania urais wa Marekani, walikwenda Kaunti ya Erie katika jimbo la Ohio na kuwahoji watu walewale mara kwa mara, kuanzia Mei hadi Novemba. Hofu ya wakati ule ilikuwa kubwa, maana redio ya Hitler ilikuwa imewafanya wengi waamini kwamba kipaza sauti kinaweza kumgeuza mtu yeyote. Lazarsfeld alitarajia kuwaona watu wakigeuzwa. Aliona wachache mno. Wengi walikuwa wameshaamua kabla kampeni haijapamba moto, na habari walizosikia ziliwathibitishia tu. Waliobadilika mara nyingi walitaja mtu, si redio: mwenzao wa kazini, shemeji, yule jirani ambaye siku zote anajua kinachoendelea. Jirani huyo ndiye aliyekuwa msikilizaji wa redio na msomaji wa magazeti. Habari ilipita kwake kwanza, ikafika kwa wengine ikiwa imeshatiwa chumvi yake.

Kwa muda mrefu wataalamu waliridhika na jibu hilo: vyombo vya habari vina athari ndogo. Mimi naona lilikuwa jibu sahihi kwa swali finyu. Waliuliza kama redio inamtoa mtu kwa mgombea A na kumpeleka kwa mgombea B. Hawakuuliza inamfanya ampime mgombea kwa kitu gani.

Nani anachagua mizani

Mwaka 1968 Maxwell McCombs na Donald Shaw waliliuliza swali hilo la pili. Walikuwa katika mji wa Chapel Hill, North Carolina, na waliwahoji wapigakura 100 ambao walikuwa bado hawajaamua. Kila mmoja aliulizwa ni masuala gani anayaona makubwa kuliko yote katika uchaguzi wa urais wa mwaka ule. Halafu wakahesabu magazeti, majarida na televisheni zinazofika mji ule zilitumia nafasi kiasi gani kwa kila suala. Orodha mbili hizo zilikaribia kufanana kabisa. Hiyo ndiyo inayoitwa nguvu ya kupanga ajenda.

Huenda ukasema ni kuku na yai tena: labda wahariri ndio walioandika kuhusu yanayowakera wasomaji. Shanto Iyengar na Donald Kinder walilitatua hilo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa njia ya kijanja. Waliwaalika watu kutazama taarifa ya habari siku kadhaa mfululizo, bila kuwaambia kwamba imehaririwa. Kundi moja liliongezewa habari za udhaifu wa ulinzi wa taifa, jingine halikuongezewa. Wale wa kundi la kwanza walianza kuuona ulinzi kuwa suala kubwa. La muhimu zaidi ni kwamba walipoulizwa Rais Jimmy Carter anafanyaje kazi, walimpima zaidi kwa ulinzi.

Hakuna aliyewaambia Carter ni mbaya. Walibadilishiwa mizani tu, wakapima wenyewe.

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Tunapohofia upendeleo huwa tunatafuta uongo: takwimu iliyopikwa, picha iliyochezewa. Mhariri anaweza kuandika ukweli mtupu kwa miezi mitatu na bado akaupindisha uchaguzi, kwa kuandika kila siku kuhusu uhalifu na mara moja tu kwa wiki kuhusu ajira. Mgombea anayesifika kwa ukali atanufaika, na ukikagua sentensi moja moja hutaona kosa.

Minara na nyaya

Kwa hiyo nguvu ipo. Ni kubwa kiasi gani? Kuanzia miaka ya 2000 wachumi walipata njia nzuri ya kupima bila kunaswa na kuku na yai: walifuata minara na nyaya. Mawimbi ya matangazo hayajui siasa. Mlima ukisimama kati ya mji na mnara, mji huo haupati kituo, hata kama wakazi wake wanafanana na wa mji wa pili ng'ambo ya mlima. Linganisha kura za miji hiyo miwili.

Nchini Marekani, Fox News, kituo cha habari cha mrengo wa kihafidhina, ilianza kurusha matangazo Oktoba 1996, na kampuni za kebo ziliipokea kwa kusuasua. Kufikia uchaguzi wa mwaka 2000 ilikuwa imefika katika takriban mji mmoja kati ya mitano. Stefano DellaVigna na Ethan Kaplan walilinganisha miji zaidi ya 9,000. Palipokuwa na Fox, kura za Republican ziliongezeka kwa kati ya pointi 0.4 na 0.7 za asilimia. Ni kidogo. Lakini kumbuka urais wa mwaka ule uliamuliwa kwa kura 537 za jimbo la Florida.

Sasa nenda Urusi, Desemba 1999, uchaguzi wa bunge. Televisheni za serikali zilikuwa nyuma ya chama kipya cha Umoja, kilichoundwa miezi michache tu kabla. Kituo kimoja kikubwa cha taifa, NTV, kilikuwa mikononi mwa tajiri Vladimir Gusinsky na kiliunga mkono upinzani. NTV haikufika kila mahali. Ruben Enikolopov, Maria Petrova na Ekaterina Zhuravskaya waliangalia ramani ya minara na wakakuta kwamba pale NTV ilipopatikana, kura za chama cha serikali zilipungua kwa pointi 8.9.

Pointi 8.9 dhidi ya 0.7. Tofauti hiyo haitokani na Warusi kuwa wepesi wa kudanganyika. Mmarekani wa mwaka 2000 alikuwa na vyama alivyovijua tangu kwa babu yake, na vituo vingi vya kuchagua. Mrusi wa 1999 aliombwa kura na chama ambacho mwaka uliotangulia hakikuwapo, na sauti iliyosema vingine kwenye televisheni kubwa ilikuwa moja. Mahali ambapo watu hawana mahali pa kuegemea, sauti moja ya ziada ina uzito mkubwa. Kremlin ilielewa hesabu hiyo bila kusubiri wachumi: mwaka 2001 NTV ilichukuliwa na kampuni ya gesi ya Gazprom, inayodhibitiwa na serikali.

Ujerumani inaongeza fundo jingine. Kabla ya 1933 redio ilikuwa chini ya serikali ya Weimar, ile jamhuri iliyomtangulia Hitler, na mahali iliposikika vizuri chama cha Nazi kilikua polepole zaidi. Hitler aliposhika ukansela mwezi Januari mwaka ule, redio iligeuka naye, na ndani ya wiki chache, katika uchaguzi wa Machi, mitambo ileile ikawa inamwongezea kura. Lakini propaganda haikuota kila udongo. Mahali penye historia ndefu ya chuki dhidi ya Wayahudi ilishika. Mahali pasipo na historia hiyo iliwachukiza wasikilizaji na kuleta matokeo ya kinyume. Hapo Lazarsfeld angetikisa kichwa kukubali.

Mfano unaonikera kuliko yote ni wa Italia, kwa sababu hauna habari ndani yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vituo vya Silvio Berlusconi vilienea mkoa kwa mkoa, vikileta filamu, maigizo, michezo ya kubahatisha na nyimbo. Siasa haikuwapo, Berlusconi mwenyewe hakuingia ulingoni hadi 1994. Hata hivyo, Ruben Durante, Paolo Pinotti na Andrea Tesei walikuta kwamba waliovipata vituo hivyo mapema walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kumpigia kura mwaka 1994, na athari ilidumu kwa chaguzi tano. Iliwaelemea zaidi waliokaa muda mrefu mbele ya runinga, yaani waliokuwa watoto enzi zile na wazee. Tunaponyosha kidole kwenye taarifa ya habari ya saa mbili, huenda tunaisahau tamthilia ya saa tatu.

Magazeti hayana minara, ila wakati mwingine mmiliki hukusaidia kupima. Mwaka 1992 The Sun la Uingereza lilimshambulia Neil Kinnock wa Labour hadi siku ya kura, kisha likajigamba kwamba ndilo lililoleta ushindi wa wahafidhina. Mwaka 1997 likamgeukia Tony Blair, chama kilekile. Wasomaji hawakutarajia. Jonathan Ladd na Gabriel Lenz walifuatilia watu waliokuwa wakihojiwa tangu miaka ya nyuma, na wakakadiria kwamba The Sun na magazeti mengine yaliyogeuka yaliwavuta kati ya asilimia 10 na 25 ya wasomaji wao. Hata hivyo, Blair alishinda kwa wingi wa viti 179. Angeingia tu.

Matangazo, midahalo na ngano moja ya kale

Kwa upande wa matangazo ya kulipia, wagombea wanatupa fedha nyingi kuliko wanavyovuna. Mwaka 2006 kampeni ya Rick Perry, gavana wa Texas, ilikubali matangazo yake ya televisheni yagawanywe kwa bahati nasibu kati ya maeneo mbalimbali ya matangazo ya jimbo. Yalifanya kazi vizuri sana, na baada ya wiki moja athari yote ilikuwa imeyeyuka. Joshua Kalla na David Broockman walipokusanya majaribio 49 ya kampeni za Marekani, wastani wa athari ya kumfuata mpigakura kwa matangazo, simu na kubisha hodi katika uchaguzi mkuu ulikuwa sifuri. Uingereza, ambayo imepiga marufuku kabisa matangazo ya kisiasa ya kulipia kwenye televisheni na redio, pengine inawaokolea wanasiasa wake fedha kuliko wanavyojua.

Midahalo ina ngano yake. Inasimuliwa kwamba tarehe 26 Septemba 1960, John Kennedy na Richard Nixon walipokutana Chicago mbele ya watazamaji wapatao milioni 70, waliotazama walimpa Kennedy ushindi na waliosikiliza redioni wakampa Nixon, aliyekuwa ametoka kuugua na akakataa kupakwa vipodozi. Hadithi ni tamu. Msingi wake ni utafiti mdogo wa soko wenye wasikilizaji wachache wa redio, na hakuna aliyejua kama watu hao wasingempendelea Nixon hata bila mdahalo. Kwa kipimo kilicho bora zaidi tazama Sierra Leone mwaka 2012. Wagombea ubunge walirekodiwa wakijadiliana, na filamu hizo zikaonyeshwa katika maeneo ya vituo vya kupigia kura vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu. Walioziona waliwajua wagombea vizuri zaidi, na aliyefanya vizuri kwenye mdahalo aliongeza kura. Usisahau kwamba wengi wa wapigakura hao walikuwa na habari chache mno kuhusu wagombea wao wa ubunge. Nixon alikuwa amekuwa makamu wa rais kwa karibu miaka minane.

Sekunde nane

Je, simu zimebadilisha haya yote? Brazil inatoa jibu la kuvutia. Sheria ya huko hairuhusu kununua muda wa kampeni redioni wala kwenye televisheni. Vyama hugawiwa muda bure kulingana na ukubwa wao bungeni. Katika kampeni ya urais ya 2018 Geraldo Alckmin alikuwa na zaidi ya dakika 5 kwa kila kipindi. Jair Bolsonaro alikuwa na sekunde 8. Alckmin aliambulia chini ya asilimia 5 ya kura, Bolsonaro alipata asilimia 46 katika duru ya kwanza na hatimaye akawa rais.

Wengi wakakimbilia kusema televisheni imekufa na WhatsApp ndiyo mfalme. Mimi nasita. Tarehe 6 Septemba Bolsonaro alichomwa kisu katika mkutano wa kampeni, na tangu siku hiyo taarifa za habari, ambazo hazihesabiwi kama muda wa kampeni, zilimzungumzia mfululizo. Alikosa matangazo, hakukosa televisheni.

Halafu kuna Facebook. Siku ya uchaguzi wa bunge la Marekani mwaka 2010, watu wapatao milioni 61 waliwekewa ujumbe wa kuwakumbusha kupiga kura. Karibu wote waliona pia picha za marafiki waliokwisha kupiga, na ujumbe huo wenye sura za marafiki ndio uliofanya kazi. Watafiti walikadiria kura 340,000 za ziada, nyingi zikitokana na watu kusukumwa na marafiki zao wa karibu waliouona ujumbe. Ni yule jirani wa Ohio, sasa ana akaunti.

Jipya lililo jipya kweli ni giza. Mnara wa redio unaonekana hata ukiwa mbali, na mmiliki wake anajulikana. Nchini Romania, tarehe 24 Novemba 2024, Călin Georgescu aliongoza duru ya kwanza ya urais baada ya kampeni iliyovuma kwenye TikTok, huku akitangaza kwamba hakutumia fedha yoyote. Tarehe 6 Desemba Mahakama ya Katiba ilifuta uchaguzi wote. Unaweza kukubaliana na uamuzi huo au kuupinga, lakini angalia ulivyowezekana: nchi nzima haikuweza kujibu kwa uhakika nani alikuwa amewaonyesha wapigakura nini, na kwa fedha ya nani.

Na ukimya nao hupiga kura. Desemba 31, 2007, gazeti la The Cincinnati Post lilifungwa. Katika vitongoji vya Kentucky lilikokuwa likiripoti, waliojitokeza kugombea walipungua, waliopiga kura walipungua, na waliokuwa madarakani walirudi kwa urahisi zaidi. Lilikuwa gazeti dogo, na jirani yake mkubwa aliendelea kuchapishwa.

Swali linalobaki ni kama mtu aliyezama kwenye sauti moja anaweza kutolewa. Broockman na Kalla walilijaribu Septemba 2020. Waliwachukua watazamaji wa kawaida wa Fox News na kuwalipa baadhi yao dola 15 kwa saa watazame CNN badala yake, kwa mwezi mzima. Walijifunza mambo ambayo kituo chao hakikuwaambia, kuhusu korona kwa mfano, na baadhi ya maoni yao yalisogea, wengine wakaanza hata kushuku kwamba Fox inawaficha mabaya ya Donald Trump. Kisha malipo yakakoma. Wengi wakarudi Fox, na miezi miwili baadaye sehemu kubwa ya mabadiliko yale ilikuwa imefifia.